Je, wajua kwa nini janga la mafua hulaza hata watoto wakubwa, wakati mafua ya msimu hulaza zaidi wadogo?

Wengi wakisikia "janga" wanadhani kirusi chake lazima kiwe kikali kuliko cha kila mwaka. Sio lazima. Chukua H1N1 ya 2009, yale mafua ya nguruwe, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa janga Juni 11 mwaka huo. Madaktari walipowalinganisha watoto waliolazwa kwa hayo na waliolazwa kwa mafua ya msimu, dalili zilikuwa zilezile, homa, kikohozi, kupumua kwa shida, na hospitali nyingi zikakuta hata ukali haupishani sana. Kilichobadilika ni nani kalazwa, na wangapi.

Msimu wa kawaida wodi hujaa watoto wa chini ya miaka 2, manake wengi wao hawajawahi kukutana na kirusi cha mafua na vinjia vyao vya hewa ni vyembamba mno, vikivimba kidogo tu pumzi inakuwa kazi. Mtoto wa miaka 8 yeye ashaumwa mafua mara kadhaa, kinga yake inamjua adui hata akija kabadilika kidogo. Sasa 2009 kikaja kirusi chenye vinasaba vya nguruwe, ndege na binadamu vimechanganyika, kinga haikitambui, kwa hiyo wanafunzi nao wakalazwa wengi kuliko kawaida, na wenye pumu ndo waliumia sana. Wazee wengi wakasalimika, hasa waliozaliwa kabla ya 1957, kwa sababu utotoni walishakutana na H1N1 za zamani.

Na hapa ndo penye uzito: hata kama hatari kwa kila mtoto mgonjwa ni ileile, wakiambukizwa wengi kwa mpigo basi wa kuhitaji oksijeni nao wanakuwa wengi, vitanda vinaisha.

WHO ilitangaza mwisho wa janga Agosti 2010 lakini kirusi hakikuondoka, kikawa cha msimu, na mpaka leo kinga dhidi yake imo kwenye chanjo ya mafua. Chanjo hiyo haitolewi chini ya miezi 6, kwa hiyo mchanga anategemea mama achanjwe akiwa mjamzito na wanaomzunguka wachanjwe. Mtoto akianza kupumua mbiombio, mbavu zinabonyea, midomo inakuwa ya bluu, anakataa kunyonya, au homa ilishuka kisha ikarudi, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, dawa ya kirusi cha mafua iitwayo oseltamivir inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Na tafadhali usimpe aspirini.