"Bakteria adimu": adimu wapi?

Neno hili nalisikia likitumika visivyo karibu kila wiki: redioni, kwenye makundi ya WhatsApp ya wauguzi, hata kwenye fomu za majibu zinazotoka maabara. Mgonjwa yuko wodini wiki ya pili, homa haishuki. Hatimaye chupa ya damu iliyopelekwa maabara kuoteshwa vimelea inaota kitu, mashine inatoa jina ambalo hakuna aliyewahi kulitamka hapo wodini, na kuanzia saa hiyo habari inakuwa "amekutwa na bakteria adimu". Ndugu wanashtuka, dawa zinaongezwa. Na mara nyingi bakteria mwenyewe si adimu hata kidogo.

Maana yake kwa ufupi ni hii. Kwenye maabara ya mikrobiolojia, yaani ya vimelea, bakteria adimu ni yule anayeleta ugonjwa lakini huonekana mara chache sana kwenye sampuli za wagonjwa, kiasi kwamba taratibu za kila siku za kuotesha na kutambua vimelea hazikupangwa kwa ajili yake. Basi. Adimu si lazima awe hatari zaidi, wala si lazima awe sugu kwa dawa. *Klebsiella* sugu anayesumbua wodi za watoto wachanga ni bakteria wa kila siku. Usugu wake ni jambo zito, lakini uadimu hana.

Kinachoniudhi ni jinsi watu wanavyoyasoma maneno "huonekana mara chache kwenye sampuli" kana kwamba yameandikwa "huwapata watu mara chache". Hayo ni mambo mawili, na katikati yake kuna maabara nzima: aina ya chakula kilichowekwa kwenye sahani ya kuoteshea bakteria, siku ambazo sahani ilikaa kwenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea), joto, hewa, na majina yaliyomo kwenye kumbukumbu ya mashine. Bakteria anaweza kujaa mitaani na asionekane kwenye benchi la maabara hata mara moja kwa mwaka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni *Kingella kingae*. Huyu ametajwa kwa heshima ya Elizabeth King, mwanabakteria wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kule Atlanta, aliyefariki 1966. Kazi ya mama huyu ilikuwa kupokea vimelea ambavyo maabara nyingine zilishindwa kuvipa majina. Alivipanga kwa makundi kufuatana na tabia zake: yupi anachachusha sukari, yupi hachachushi, yupi anakua vizuri, yupi anajivuta. Kundi ambalo halikuwa na jina lilipewa herufi na namba, likasubiri. Huyo *Kingella* naye alianzia huko, kwenye kundi la M-1.

Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kama bakteria wa nadra. Watoto wadogo walikuwa wakiletwa hospitali na goti au nyonga iliyovimba, maji ya kiungo yanatolewa, yanapakwa kwenye sahani, siku mbili tatu zinapita bila kitu kuota, na majibu yanaandikwa "hakuna kilichoota". Halafu mwaka 1992 Pablo Yagupsky na wenzake wa Beer-Sheva, Israeli, walichapisha walichokiona baada ya maji yale ya kiungo kuingizwa kwenye chupa za kuoteshea damu badala ya kupakwa tu kwenye sahani. Chupa zikaanza kuota. *Kingella* aliyekuwa anaitwa adimu akawa miongoni mwa sababu kuu za maambukizi ya viungo kwa watoto wa umri wa kati ya miezi sita na miaka minne. Baadaye vipimo vya vinasaba vilithibitisha hivyo hivyo katika nchi nyingine.

Watoto walikuwa wakiugua vilevile kabla ya 1992. Tofauti ni chupa. Nayo si tofauti ya vitabuni tu, maana *Kingella* husikia dawa za jamii ya penisilini, lakini mara nyingi haisikii vankomaisini wala klindamaisini, dawa ambazo daktari angeweza kuzichagua kama anadhani anapambana na bakteria mwingine, *Staphylococcus*.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Kati yao, asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Waliokuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Miongoni mwa wale ambao vipimo vyao vya magonjwa ya kutoka kwa wanyama vilikamilika, leptospirosisi ilikuwa asilimia 8.8, homa za riketsia za madoa asilimia 8.0, homa ya Q asilimia 5.0, na brusela asilimia 3.5. Ukijumlisha, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alikuwa na maambukizi ya bakteria kutoka kwa mnyama. Hao ni Leptospira, Riketsia, Koksiela (wa homa ya Q) na Brusela, majina ambayo ukiyaandika kwenye fomu leo utaulizwa kama umekosea.

Riketsia na Koksiela huishi ndani ya seli, kwa hiyo hawawezi kuota kwenye chupa ya kawaida ya damu hata ukiiacha mwezi mzima. Leptospira naye anataka chakula chake maalumu na wiki kadhaa. Utafiti ule uliwapata kwa kupima kingamwili katika damu ya mwanzo na damu iliyochukuliwa wiki kadhaa baadaye. Maabara inayotegemea chupa na sahani peke yake ingeandika kwa unyofu kabisa kwamba haijawahi kuwaona. Haijawahi, kweli. Ila hakuna anayeweza kutoka hapo akasema Kilimanjaro hawapo.

Brusela ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi, kwa sababu yeye huota, kwa hiyo ndiye anayetuonyesha kosa likitokea machoni petu. Mfugaji anamjua kwa ng'ombe anayetupa mimba. Binadamu humpata kwa maziwa yasiyochemshwa, kwa kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu, na kwa kuchinja. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alimtoa kwenye wengu wa askari waliokufa Malta, akachapisha habari zake mwaka 1887. Miaka kumi na minane baadaye Themistocles Zammit, daktari wa Malta, akaonyesha kwamba mbuzi wa kisiwa kile ndio waliombeba. Ni bakteria anayejulikana kwa zaidi ya karne.

Anavyoonekana benchi ni hivi. Chupa inaita, yaani mashine inatoa ishara kwamba kuna kilichoota, labda siku ya tatu, labda ya tano. Unapaka slaidi, unaweka rangi ya Gram (inayogawa bakteria makundi mawili, chanya na hasi), na kwenye darubini huoni kitu cha kukuvutia: vitone vidogo mno, vya waridi hafifu, vimetapakaa hivi kwamba unaweza kudhani ni mabaki ya rangi. Asubuhi ya pili agari ya damu, yaani sahani ya chakula chenye damu, bado ni kama tupu. Baada ya saa 48 kuna makoloni (vikundi vya bakteria) madogo ya kuchungulia, hayakuharibu damu iliyoyazunguka. Agari ya MacConkey, aina nyingine ya chakula, kwa kawaida haina kitu. Vipimo vya vimeng'enya vyake: katalasi chanya, oksidesi chanya, na ukiweka kipimo cha yurea rangi inaweza kubadilika kabla hujamaliza kuandika rejista. Mtu mwenye haraka anasema ni uchafu wa ngozi. Mwenye bidii anamwingiza kwenye mashine, na hapo ndipo shida inapokua.

Mashine ya kutambua bakteria, iwe ya vipimo vya kemia au ile inayopima uzito wa protini, ni kama mjumbe wa mtaa mwenye daftari la wakazi. Ukimletea mgeni ukamuuliza jina lake, atalipitia daftari atafute anayefanana naye zaidi. Mgeni akiwa hamo, mjumbe mwaminifu atasema hamjui. Lakini mara nyingine atampata mkazi mwenye sura karibu na hiyo, na atakutajia jina bila kusita.

Ndivyo inavyompata Brusela. Kuna vifaa vya vipimo vya kemia vilivyompa jina la bakteria mwingine, *Moraxella phenylpyruvica*, kwa uhakika wa juu kabisa, na kosa hilo limeripotiwa mara nyingi katika nchi mbalimbali. Kwenye mashine za kupima protini, vimelea vinavyohesabiwa kuwa na hatari ya kiusalama vinaweza kuwekwa kwenye maktaba (daftari la majina) ya pekee ambayo maabara nyingi hazina. Basi mashine inamtafuta Brusela kwenye maktaba ya kawaida, hayumo, inarudi na jina la jirani yake, *Ochrobactrum*. Majibu yanatoka: "bakteria adimu wa mazingira". Mgonjwa anapewa dawa ya siku saba, naye alihitaji doksisaiklini kwa wiki sita pamoja na dawa ya pili. Wale waliofungua sahani zile kwenye benchi la wazi nao wako hatarini, kwani Brusela ni miongoni mwa bakteria wanaoongoza kwa kuwaambukiza wafanyakazi wa maabara. Aliye karibu na sahani hiyo anaweza kulazimika kunywa dawa za kinga wiki tatu na kufuatiliwa miezi kadhaa.

Ile asilimia 99 inayochapwa pembeni ya jina haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 99 kuwa jina ni sahihi. Inasema kwamba kati ya majina yaliyomo humu, hili ndilo linalofanana zaidi. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili na kila anayesaini majibu.

Jambo likazidi kuchanganya mwaka 2020, pale kundi la watafiti lilipopendekeza, kwa kulinganisha jenomu (vinasaba vyote vya kiumbe), kwamba *Ochrobactrum* yote ihamishiwe kwenye jenasi, yaani ukoo, ya *Brucella*. Wataalamu wengi wa brusela walipinga, na mimi nakubaliana nao. Wawili hao ni ndugu kwa vinasaba, lakini mmoja huishi kwenye udongo na maji akimpata hasa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka au aliyewekewa mipira ya dawa mwilini, na mwingine huishi ndani ya seli za mnyama na anaambukiza kwa chembe chache tu zilizovutwa puani. Dawa zao ni tofauti, na namna ya kuwashika benchi ni tofauti. Leo maabara moja inaweza kuandika *Brucella anthropi* kwa maana ya yule wa udongo, na wodi ikasoma brusela. Kwa hiyo jina linaweza kuwa sahihi kwa kanuni za uainishaji na bado likampotosha daktari.

Huwa naambiwa tusome vinasaba basi, yaishe. Kusoma jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo, herufi zake zipatazo 1,500, kumesaidia sana, na kwa bakteria ambaye hakuna kipimo kingine kinachomfikia ni njia nzuri. Lakini hapo pia unalinganisha na yaliyokwisha kuhifadhiwa. Spishi za Brusela karibu hazitofautiani kwa jeni hiyo, *Bacillus anthracis* wa kimeta na *Bacillus cereus* wa wali uliolala wanakaribiana mno, na *Escherichia coli* na *Shigella* hawatengani vizuri.

Adimu wa kweli wapo. *Burkholderia mallei*, wa ugonjwa wa farasi uitwao glandazi, alimpata mfanyakazi wa maabara ya jeshi Marekani mwaka 2000, na nchini humo hakikuwa kimeonekana kisa cha binadamu tangu miaka ya 1940. Huyo mwite adimu bila wasiwasi, kwa sababu anatafutwa, njia za kumpata zipo, na bado hapatikani.

Kwa wengine wote, ninachoomba ni kidogo. Anayesimulia habari aseme "bakteria ambaye maabara zetu humwona mara chache", na asiende mbele ya hapo. Anayeandika majibu, akikutana na kokobasili (bakteria wa umbo kati ya kitone na kijiti) mdogo, hasi kwa Gram, yaani wa rangi ya waridi, anayekua polepole, oksidesi chanya na yurea chanya, asimwingize kwenye mashine kwanza. Afunge sahani, aihamishie kwenye kabati la usalama wa kibaiolojia, na aandike alichokiona kwa macho yake: "Kokobasili hasi kwa Gram, anakua polepole, bado hajatambuliwa, Brusela hajaondolewa, sampuli inapelekwa maabara ya rufaa." Jibu hilo halina jina, lakini daktari anaweza kulifanyia kazi. Kisha ampigie simu daktari huyo amuulize kama mgonjwa anafuga, anachinja, au anakunywa maziwa mabichi, kwa sababu swali hilo kwa kawaida halimo kwenye fomu ya sampuli.