Dekoro ya mchezo wa vita: maana yake, na kwa nini nyingine hazimalizi mwaka

Kichuguu changu cha kwanza cha mchezo wa vita wa mezani kilikaa mezani Jumapili moja tu. Nilikifinyanga kwa udongo wa kichuguu cha kweli, maana ndio udongo ambao watu hapa Lubumbashi, Kongo, wanafyatulia matofali, nikajiambia kama unabeba nyumba hautashindwa kubeba askari wa sentimita tatu. Ulipokauka ulisinyaa, ukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Nikakipakia kwenye teksi basi kwenda Kampemba, humuhumu mjini. Kilifika vipande vitatu, na begi lote vumbi jekundu.

Basi tuanze na neno lenyewe. Kundi letu linasema dekoro, kutoka Kifaransa. Mtu anaweza kusema mandhari, lakini mandhari ni ya kutazama, na hii ni ya kushika. Katika mchezo wa vita wa mezani, watu wawili wanakaa kila mmoja na jeshi lake la visanamu. Mnavisogeza kwa kupima inchi, na dadu ndizo zinazoamua nani kapigwa. Kila kinachosimama juu ya meza hiyo na si askari ni dekoro: mlima, ukuta, nyumba, pori, mto, gari lililoungua. (Mama yangu haelewi kwa nini mtu wa nchi hii acheze vita kwa hiari yake. Sina jibu la kumpa.)

Tofauti ya dekoro na pambo ni kwamba dekoro ina kazi katika sheria za mchezo. Askari aliye nyuma ya ukuta anapata kinga, kwa hiyo ni vigumu zaidi kumpiga. Aliyefichwa kabisa na nyumba halengwi. Anayevuka matope anapunguziwa hatua. Ndiyo maana wachezaji wazoefu, kabla dadu haijagusa meza, wanazunguka wakikubaliana: pori hili linaanzia wapi, kilima hiki kinapandika au hakipandiki. Meza tupu inampa ushindi mwenye silaha za mbali, na mwenzake anabaki kuokota maiti.

Wazo hili si la juzi. Mwaka 1812 Mprusi mmoja, Georg von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake mchezo wa vita wenye meza yake, na ardhi ilikuwa vigae vya kaure vyenye vilima na mabonde, unavyoweza kuvipanga upya kila mara. Kaure! Ni kitu kigumu na cha kupendeza, lakini si kitu cha kutia begini. Mwanawe alipoutoa mchezo huo upya mwaka 1824, aliiacha kaure akatumia ramani za karatasi.

Hapo ndipo maana ya kudumu inapoonekana. Wengi wakisikia dekoro ya kudumu wanafikiria saruji na plasta. Lakini dekoro haipigwi nyundo. Inabebwa, inarundikwa, inaanguka kutoka urefu wa meza, inawekewa visanamu vya chuma juu, inakwaruzwa na kucha. Ugumu peke yake hausaidii: kilima cha plasta kikianguka kinameguka kwa uzito wake chenyewe, wakati cha povu la plastiki chenye umbo lilelile kinadunda tu. Fundi mbao mmoja wa Katuba niliyempelekea kazi yangu ya pili hakuangalia rangi wala majani. Alipitisha kidole gumba pembeni, akasema: “Mwana, hii itaanza kuvunjika ku makona.” Ikaanza huko.

Tangu siku hiyo nikinunua au nikipewa dekoro, naangalia kingo na kitako kabla ya kitu kingine. Kilima kisicho na kitako, kilichokatwa tu kwenye povu na kupakwa rangi hadi chini, ukingo wake mwembamba ndio unaogusa meza, na ndio unaokula kila kipigo. Kinatakiwa kikalie ubao wa triplex (plaiwudi) wa milimita 4 au zaidi, uliochongwa mshazari pembeni, na povu liishie ndani kidogo ili ubao utangulie kugongwa. Ukiupaka ubao huo gundi ya maji upande wa juu tu, utajikunja kama jani la tumbaku. Paka na chini siku hiyohiyo.

Povu lenyewe lina aina mbili. Frigoliti nyeupe, ile inayofungiwa televisheni, ni punje zilizobanwa pamoja; ni ya bure, lakini ukiikata inamwaga shanga nyumba nzima na kingo zake hazishiki. Ile ya mabamba yaliyoshindiliwa, mara nyingi ya rangi ya waridi au buluu, inakatika safi na kuchongeka kama sabuni. Ukiwa na nyeupe tu usikate tamaa, ila ivike ngozi: gundi nyeupe ya mbao, mchanga uliochekechwa, rangi kidogo ya ukutani, mpako wa kwanza, kisha wa pili baada ya huo kukauka kabisa. Ngozi ndiyo inayodumu. Povu la ndani ni la kujaza tu. Na usiipulizie rangi ya kopo kabla ya kuivika, kwa sababu vimiminika vya rangi nyingi za kopo vinayeyusha povu. Niliona mwenzetu akipuliza ngome yake asubuhi, na hadi kufika saa sita ilikuwa jibini.

Tabaka mbili za povu usiziamini gundi peke yake. Penyeza vijiti vya mishikaki kutoka juu hadi chini, vitatu au vinne, kila kimoja na mwelekeo wake. Kama lazima utumie plasta, tia rangi ndani ya plasta yenyewe kabla ya kuimimina. Haitaacha kumeguka, lakini palipomeguka patakuwa pekundu kama ardhi, hapatatoa jino jeupe.

Vipimo navyo vina neno katika kudumu, ingawa watu wanavisahau. Visanamu vyetu ni vya milimita 28, yaani kwa makadirio mita moja na nusu na ushee ya kweli inakuwa sentimita hizo tatu za mezani. Gawanya kwa 60 utakuwa karibu. Vichuguu vikubwa vya pande hizi hufikia mita 5 kwenda juu na 15 kwa upana wa chini, na miti juu yake. Mezani ni sentimita 8 kwa 25. Hicho ni kilima kamili, huna haja ya kubuni milima ya Ulaya. Tatizo ni mteremko: kisanamu cha chuma kinateleza, kinaanguka, kinakwaruza rangi yake na yako. Kwa hiyo kichuguu changu nilikikata vidaraja viwili vipana kiasi cha kubeba vitako vya visanamu, vyenye milimita 25, na miteremko nikaiacha upande mmoja kwa ajili ya macho. Nyumba vilevile: mlango uwe na sentimita 3, paa litoke, na chumba kipitishe vidole. Nyumba isiyoingilika mkono ndiyo inayovunjwa na mikono.

Miti ndiyo inayokufa haraka kuliko vyote. Usiigundishe. Kata kipande cha triplex chenye umbo la pori, hicho ndicho kiseme pori linaishia wapi, na miti isimame juu yake huru kwenye vitako vyake vizito. Askari wakiingia, unaisogeza pembeni.

Mtu ataniuliza kwa nini, katika mji wenye mlima mzima wa makapi ya kuyeyusha shaba, nisiokote yale mawe meusi nikatengeneza majabali. Yanavutia kweli. Lakini ni mazito, yanachubua rangi ya visanamu kama msasa, na sipendi kuvuta vumbi la madini nikiyasugua sebuleni. Majabali yangu ni gome la mti lililokaushwa, likapakwa gundi.

Ila gome, triplex na katoni vina adui ambaye wachezaji wa nchi za baridi hawamfikirii sana. Niliweka sanduku la nyumba za katoni sakafuni mwanzo wa mvua. Mwezi wa kwanza nilipolifungua kuta zilikuwa zimesimama vizuri, rangi ipo, madirisha yapo. Nilipogusa, kidole kikapita. Mchwa walikuwa wamekula katoni yote na kuacha rangi. Siku hizi dekoro zangu zinakaa kwenye rafu ya chuma, mbali na ukuta, na kichuguu cha povu kiko rafu ya juu kabisa.