Dieudonné: jina hili halikuzaliwa Kongo

Simama sokoni Bukavu uite "Papa Dieudo!", usishangae vichwa vitatu vikigeuka. Ndiyo maana wengi wetu huapa kwamba Dieudonné ni ubunifu wa Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, eti waliyatia majina ya kwao Kifaransa. Si kweli. Philippe wa Pili wa Ufaransa alizaliwa 1165, baba yake akiwa ameshaoa mara tatu na kupata mabinti watupu. Mtoto akaitwa Dieudonné. Louis wa Kumi na Nne naye alipewa jina hilo 1638, wazazi wake wakiwa na miaka 23 ya ndoa na hawana mtoto.

Basi watu wakadhani ni jina la mtoto aliyesubiriwa tu. Kwa wafalme hao, sawa. Lakini Dieu ni Mungu, donné ni aliyetolewa, basi, halina masharti. Hata kitinda mimba katika nyumba iliyojaa watoto huweza kulirithi kwa babu yake.

Kosa linalonichekesha zaidi ni la kwetu Tanzania: kila Deo tunamfanya Deogratias. Deogratias ni shukrani, "Mungu ashukuriwe". Deo mwingine ni Deodatus, na huyo ndiye Dieudonné kwa Kilatini. Deusdedit, "Mungu ametoa", ni wa ukoo huohuo: Papa aliyeongoza Kanisa 615 hadi 618 huitwa Deusdedit, na pia Adeodatus wa Kwanza. Mtu yuleyule. Kwa hiyo Deusdedit wa Bukoba na Dieudonné wa Goma ni masomo, yaani watu wa jina moja, hata kama hawajawahi kuonana.

Anayesema ni jina la Wazungu watupu naye ateleza. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa Kaskazini, alimwita mwanawe Adeodatus katika karne ya 4, wakati Kifaransa chenyewe bado hakijakuwepo.

Hayo hayakumzuia Mobutu, rais wa Zaire, ndiyo Kongo ya leo. Mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya Kikristo ya kigeni, yeye mwenyewe akaliacha Joseph-Désiré, na akina Dieudonné wa Zaire wakalazimika kutafuta majina mengine ya kuandikisha serikalini.

Kwa makarani: hutamkwa karibu na "dyedone", na e ya mwisho ina alama yake juu. Msiisahau kwenye cheti.