Je, wajua kwa nini kidonda cha ulimi hukupeleka kupigwa picha ya kifua?

Mjomba wangu alikaa na kidonda pembeni mwa ulimi karibu miezi mitatu. Alisukutua maji ya chumvi, akapaka asali, akalilaumu jino lililovunjika. Mwishowe kliniki moja ya meno hapa Nairobi ilimkata kinyama kidogo, na maabara ikajibu kwa neno moja la kutisha: granuloma. Daktari akamwandikia picha ya kifua. Mimi, mpwa msomi wa ukoo, nikamshauri: "Mjomba, hao wanatafuta pesa zako. Ugonjwa si umeshajulikana? Kifua kimeingiaje hapo?"

Ugonjwa ulikuwa haujajulikana hata kidogo. Granuloma ni jina la umbo linaloonekana kwenye hadubini, na umbo hilo lina wazazi wengi: TB, ukoma, kaswende, kuvu, ugonjwa wa Crohn ambao kwa kawaida hukaa matumboni, sarkoidosisi (ugonjwa usiojulikana chanzo, unaoota granuloma sehemu mbalimbali za mwili), hata chembe za dawa ya kung'arisha meno zilizojichimbia kwenye fizi.

Fikiria granuloma kama kiwanja pale Ngara kilichozungushiwa ua wa mabati. Mwilini mafundi wa mabati hayo ni makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na takataka. Zikikuta kitu kisichosagika, hazikiachi. Hukizingira, hubanana bega kwa bega, na nyingine huungana kabisa zikawa jitu moja lenye viini vingi, ambavyo mara nyingi hujipanga kama kwato ya farasi. Nje yake limfosaiti, seli nyeupe za kinga, husimama kama soja wa zamu. Mpita njia anaona mabati tu. Ndani huenda kuna msingi wa ghorofa, gereji au shimo la taka.

Mara nyingine mabati huwa na tundu la kuchungulia. Katika TB, sehemu ya katikati mara nyingi hufa na kulainika kama jibini. Ila kuvu wengine nao huacha alama hiyohiyo, na mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na VVU huenda asijenge ua wa maana ingawa bakteria wamejaa tele.

Kwa hiyo maabara hupaka rangi. Bakteria wa TB ana koti la nta: rangi nyekundu ikishaingia kwa joto, hata asidi haiitoi. Kuvu wana rangi zao. Chembe za kigeni humulikwa kwa mwanga maalumu, na nyingine hung'aa kama vigae juani. Sarkoidosisi haina rangi yake. Hutajwa baada ya washukiwa wengine kuondolewa, tena daktari akipata dalili zake kwingine mwilini.

Tatizo ni kwamba kinyama cha mdomoni huwa na bakteria wachache, kwa hiyo kuwakosa hakumaanishi hawapo. Tena formalini inayohifadhi kinyama huua bakteria. Anayetaka kuwaotesha, kazi ya wiki kadhaa, inambidi atenge kipande kingine mapema. Ndiyo sababu ya picha ya kifua. TB ya mdomoni mara nyingi hutoka mapafuni, ikapanda na makohozi na kupenya palipochubuka, pengine na jino lilelile lililovunjika. Mashine ya GeneXpert huyapima makohozi kwa takriban saa 2. Ya mjomba yalikuwa na TB. Alimeza dawa miezi 6, na kidonda kikafunga.

Kosa langu lina utetezi kidogo, maana madaktari wenyewe wamelitapanya jina hili. Kinundu chekundu kinachoota kwenye fizi za wajawazito na kutoka damu kwa kuguswa tu huitwa granuloma, ilhali ni fungu la mishipa ya damu. "Granuloma" ya kwenye ncha ya mzizi wa jino bovu nayo kwa kawaida ni nyama changa yenye uvimbe, haina ua wowote.

Niipendayo zaidi hukaa kwenye taya: granuloma ya kunde. Maelezo ya kawaida ni kwamba mabaki ya nafaka au maharagwe huingia kwenye shimo la jino lililong'olewa. Wanga huyeyuka, ganda gumu la seli za mmea hubaki, na mwili hulijengea ua wenye pete zinazong'aa kama kioo. Wapo wanaobisha kwamba pete hizo hutokana na mishipa ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Kwa sasa, punje ya githeri ni mshukiwa tu.