Mafuta ya kitunguu saumu hayatibu uziwi

Ujumbe huu umerudi tena kwenye magrupu ya Mbeya: matone ya mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto, na kiziwi anasikia. Si kweli. Uziwi mwingi wa kudumu hutokana na kufa kwa seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, ambako mafuta hayafiki, na seli hizo hazioti tena. Hata kipandikizi cha sikio, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji, hakizifufui. Huzipita na kusisimua mshipa wa fahamu kwa umeme.

Mkanganyiko unaletwa na nta ya sikio. Mafuta huilainisha, ikitoka mtu anasikia, sifa inaenda kwa kitunguu. Lakini ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, yanaweza kudhuru. Daktari wa masikio atamulika ndani, kisha upimwe usikivu. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Mtoto anayesubirishwa nyumbani kwa mafuta, miezi ya kujifunza lugha inampita.