"Mwanangu, nani kakuudhi?" Dhana potofu kuhusu wanaoamini na wasioamini

Siku mdogo wangu alipomwambia mama kwamba haamini tena, mama alinyamaza kitambo, kisha akamuuliza, "Mwanangu, nani kakuudhi?" Swali lile sijalisahau. Mimi ni mtu wa kusali hadi leo, mdogo wangu si mtu wa kusali, na miaka tuliyoishi hivyo imenionyesha kwamba mengi tuliyokuwa tukiyasema kuhusu wenzetu wa upande wa pili hayakuwa kweli.

Dhana: Anayeacha dini ameudhiwa, au anatafuta nafasi ya kutenda dhambi

Wapo walioumizwa na viongozi wao wa dini, na kilio chao kinastahili kusikilizwa. Lakini wapo waliofika huko polepole, kwa kusoma na kujiuliza, na wapo ambao hawakulelewa katika dini yoyote. Tena hawafanani. Mmoja anasema hakuna Mungu, mwingine anasema hajui, wa tatu hajihesabu popote, basi. Kituo cha utafiti cha Pew Research Center kilipowauliza watu wazima wa Marekani mwaka 2023, asilimia 28 walisema hawana dini. Kati ya hao, asilimia 17 tu walisema hawaamini kuwa Mungu yupo, na asilimia 20 walisema hilo halijulikani. Waliobaki, asilimia 63, walisema tu hawana dini yoyote mahususi. Na wengi wa wasio na dini nchini humo bado wanaamini yupo Mungu au nguvu fulani iliyo juu yao.

Kwa hiyo tunapomwita "mkana Mungu" kila asiyeonekana kwenye ibada, mara nyingi tunamsingizia. "Kafiri" na "mpagani" ndiyo usiseme: siku hizi yanatamkwa ili kuumiza kuliko kueleza.

Dhana: Asiyemwogopa Mungu hawezi kuaminiwa

Hii ndiyo nzito kuliko zote, na haikushikwa na wajinga. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza aliyetetea uhuru wa dini kwa nguvu katika waraka uliochapishwa mwaka 1689, aliwaacha nje wasioamini. Hoja yake ilikuwa kwamba ahadi, mapatano na viapo havimfungi mtu anayekana kuwapo kwa Mungu.

Karibu miaka 200 baadaye hoja hiyo ilikuwa bado hai. Mwaka 1880 watu wa Northampton, mji wa Uingereza, walimchagua Charles Bradlaugh kuwa mbunge wao. Hakuwahi kuficha kwamba haamini. Alipofika bungeni aliomba atoe tamko la ahadi badala ya kuapa kwa jina la Mungu. Akakataliwa. Akasema basi, yuko tayari kuapa kama wenzake. Akakataliwa tena, kwa madai kwamba kiapo cha mtu kama yeye si kiapo. Alipokataa kuondoka, alifungiwa kwenye mnara wa saa wa Bunge. Wapiga kura wake hawakumtupa: walimchagua tena na tena, hadi mwaka 1886 alipoketi kwenye kiti chake. Mwaka 1888 ikapita sheria aliyoipigania, ya kumruhusu yeyote atoe tamko badala ya kiapo.

Nikiitazama habari hii naona jambo moja wazi. Mtu asiyejali ahadi angeapa kimyakimya siku ya kwanza, akaketi, yakaisha. Bradlaugh alijiletea taabu yote ile kwa kuomba kwanza aseme maneno anayoyaamini.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatukulisikia. Njia hiyo ya tamko hakuianzisha yeye. Sheria ya Uingereza ilikuwa imewaruhusu Wakweka tangu miaka ya 1690, kwa kuwa Wakristo hao walishika neno la Yesu, "Msiape kabisa." Waumini waliogoma kuapa kwa ajili ya imani yao ndio waliotangulia kufungua mlango alioujia asiyeamini.

Dhana: Serikali isiyo na dini ni serikali inayopiga vita dini

Neno la Kiingereza la mfumo huu, "secularism", lilibuniwa mwaka 1851 na George Jacob Holyoake, ambaye kweli hakuwa muumini. Lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi, na baadhi ya waliolipigania walikuwa wahubiri. Mmoja wao, Roger Williams, aliyefukuzwa Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, kwa mafundisho yake, alianzisha makazi ya Providence mwaka 1636, mahali ambapo mtu hakuulizwa anasalije. Mwaka 1644 aliandika juu ya ukuta kati ya bustani ya kanisa na nyika ya dunia. Aliogopa serikali isiichafue ibada.

Albania ilikuwa kitu kingine kabisa. Mwaka 1967 utawala wake ulifunga misikiti na makanisa, ukapiga marufuku dini. Serikali ile ilikuwa na msimamo wake juu ya Mungu na ikawalazimisha raia waufuate, sawasawa na serikali inayomwadhibu mtu kwa kubadili dini. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1905, iliyotenganisha dini na serikali, inaanza kwa kulinda uhuru wa dhamiri na wa ibada. Nchi hiyohiyo ilipokataza mwaka 2004 wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, hijabu ikiwamo, kwa maoni yangu iliisaliti ahadi yake yenyewe.

Dhana: Dini inakufa

Inategemea unatazama wapi. Katika sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales pekee, bila Scotland, wasio na dini walifika asilimia 37.2, kutoka 25.2 miaka 10 kabla. Lakini duniani kote, kwa hesabu za Pew za mwaka 2020, watu watatu kati ya wanne bado wana dini.

Dhana: Kuvumiliana ni kukubali kwamba imani zote ni sawa

Neno lenyewe linakataa. Huvumiliwi kwa jambo tunalokubaliana. Mimi naamini mdogo wangu amekosea, naye anaamini nimekosea mimi, na tumeshaambiana bila kuzungushana.

Mama alipougua na macho yake kufifia, alitaka asomewe Zaburi kila jioni. Alimchagua mdogo wangu, kwa kuwa sauti yake ndiyo aliyoipenda. Alisoma bila kuruka mstari, taratibu, kama mama alivyotaka. Akimaliza alifunga kitabu na kungoja. Mama alisema "Amina" peke yake, kisha akamwomba ampe maji.