Wingi wa spishi kisiwani: eneo na makazi

Mwanabayolojia akizungumzia wingi wa spishi kisiwani, hahesabu vichwa, anahesabu aina. Kunguru elfu moja ni spishi moja. Paa mmoja, popo mmoja na njiwa mmoja ni spishi tatu.

Inajulikana tangu zamani kwamba kisiwa kikubwa huwa na spishi nyingi kuliko kidogo. Lakini hesabu haiendi sambamba: eneo likiwa kubwa mara 10, spishi kwa makadirio huongezeka mara 2 hivi. Kwa nini ziongezeke hata hivyo? Majibu ni mawili, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni makazi, yaani mazingira ambamo spishi huishi. Kisiwa kikubwa kina nafasi ya kuwa na mazingira ya namna mbalimbali. Itazame Unguja. Upande wa magharibi una udongo wenye kina, ndiko kwenye minazi na miembe. Mashariki na kusini ni maweni, jiwe la matumbawe ya kale lililofunikwa na vichaka. Jozani ni msitu unaokunywa maji ya ardhini yaliyo karibu na juu, na kwenye ghuba kuna mikoko. Kima punju hutumia msitu, vichaka na mikoko pia. Paa nunga hujificha kwenye vichaka vya maweni, na hupenda kufuata kima wanaokula juu ya miti ili aokote majani na matunda wanayoyaangusha. Kila mazingira yanaongeza wakazi wake.

La pili ni eneo lenyewe. Wanabayolojia Robert MacArthur na Edward O. Wilson, katika kitabu chao cha 1967, walieleza kwamba idadi ya spishi kisiwani ni mizani kati ya zinazowasili na zinazotoweka. Pakiwa padogo, kila spishi ina kundi dogo, na ukame mmoja au maradhi mamoja yanatosha kulimaliza.

Ugumu ni kwamba eneo na makazi huongezeka pamoja, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kimefanya kazi. Mwanabayolojia Daniel Simberloff alivitenganisha kwa njia ninayoipenda kwa uwazi wake. Alichagua visiwa vidogo vya Florida, Marekani, vilivyoota mikoko ya aina moja tu. Akahesabu wadudu na buibui, akakata sehemu ya mikoko, kisha akahesabu tena. Makazi yalikuwa yaleyale, eneo tu ndilo lililopungua, na spishi zikapungua. Matokeo aliyachapisha 1976. Eneo, basi, lina nguvu yake hata makazi yasipobadilika.

Kwenye visiwa vidogo mno kanuni hulegea. Hapo swali ni kama kuna udongo, kama kuna maji baridi, kama mawimbi ya dhoruba hupita juu.

Historia nayo ina sehemu yake. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, hivyo bahari iliposhuka enzi ya barafu, wanyama walipita kwa miguu. Pemba ni ndogo zaidi na imezungukwa na kina kirefu. Haikuwa na kima punju hadi watu walipowapeleka kwenye msitu wake wa Ngezi miaka ya 1970. Lakini utengano huohuo umeipa ndege wanne wasiopatikana kwingine duniani, akiwemo njiwa wa kijani wa Pemba, na popo wake mkubwa.

Ndiyo maana huniuma nikisikia vichaka vya maweni vikiitwa ardhi isiyo na faida, ya kukatwa kuni na kuchomwa chokaa tu. Vikifyekwa, ramani ya Unguja haibadiliki hata kidogo. Kwa paa nunga, kisiwa kimekwisha kuwa kidogo.